Nne na Moja

Sikio lilisikia kikohozi cha kwanza Jumapili asubuhi, Gwantwa akiwa bado anavaa mabuti.

"Kikohozi kimoja," lilisema kutoka juu ya boriti. "Kikavu. Cha nguruwe. Kizimba gani?"

Gwantwa aliinamisha kichwa akasikiliza. Sikio lilikuwa kitu cheupe chenye umbo la kibuyu kidogo, na tangu sheria ya mafua ya mifugo ilipopitishwa kila banda la nguruwe wilayani Rungwe lilikuwa nalo. Liliweza kutofautisha kikohozi cha vumbi na cha homa, cha nguruwe na cha mtu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinalishinda: kujua sauti imetoka upande gani, kwa sababu bati la Rungwe, lenye mvua juu yake miezi tisa kati ya kumi na miwili, hurusha sauti huku na huku. Kwa hiyo liliuliza, na mwenye banda alijibu kwa mdomo. Halikuwa na kitufe hata kimoja. Waliolitengeneza walijua mikono ya mfugaji akiwa bandani ina nini.

Kikohozi kilirudi, kifupi, kama mbwa anayebweka ndani ya gunia. Kilitoka kizimba cha mwisho, karibu na mlango wa nyuma, alikokuwa amelala jike mdogo mwenye baka jeusi mgongoni.

"Nne na moja," alisema Gwantwa.

"Nne. Moja. Nimesikia," likajibu Sikio.

Ndivyo walivyozungumza kwa miezi tisa, na hakuna kati yao aliyewahi kulalamika.

Baba mkwe wake aliitwa Tano. Alizaliwa mtoto wa tano, wazazi wake wakiwa wamechoka kutafuta majina, na sasa alikuwa Mzee Tano Mwasomola, fundi seremala mstaafu na mzee wa kanisa. Kwa desturi ya kwao, mwanamke halitamki jina la baba wa mumewe, hamtazami usoni, wala hakutani naye njiani. Wakwe wengi wa siku hizi walikuwa wameiacha, na Gwantwa, mwenye stashahada ya mifugo, hakulazimishwa na mtu. Aliianza kwa aibu ya bibi harusi. Aliiendeleza kwa sababu mzee naye aliitikia. Mzee akitaka kupita njia ya migombani, aligonga fimbo mara mbili kwenye jiwe la kona, ili mkwewe apate muda wa kupisha. Kila msimu, parachichi la kwanza kuiva Gwantwa alilikuta juu ya ukuta wa matofali uliotenganisha nyumba zao. Yeye aliweka chai ya tangawizi juu ya ukuta huohuo, akaondoka, na kikombe kilirudi kimeoshwa. Miaka kumi na tisa hawakuwahi kugombana. Wanawake wa kwaya walisema hilo ni rahisi kwa watu wasioongea.

Kwa hiyo namba ile haikuwahi kukaa mdomoni mwake. Alikuwa na watoto wanne na mmoja. Baada ya Jumanne ilifuata siku ya katikati. Saa nne ikishapita, mtu alisubiri saa sita.

*

Bwana Masalu, afisa mifugo wa kata, alifika Jumatatu kwa pikipiki isiyo na mlio. Alikuwa Msukuma mrefu, mwenye tabia ya kufikiri kwanza hata anapoulizwa habari za nyumbani. Alisafisha viatu mara mbili, akaingia, akawafuta nguruwe puani kwa vijiti vya pamba, mmoja baada ya mwingine, huku akiwaomba radhi. Kisha alivifunga vijiti ndani ya kile kindege cha sampuli ambacho watu walikiita nyuki. Nyuki akapaa kuelekea maabara, juu ya mashamba ya chai, akapotea kwenye ukungu.

Kabla ya chakula cha mchana jibu lilikuwa limerudi.

"Ni mafua," Masalu alisema. "Watapona, mama. Wiki moja hivi. Wape maji mengi, ziba upepo wa nyuma, usiwafukuzefukuze."

"Na nyama?"

"Nyama haina kosa. Ikiiva sawasawa, haikupi mafua."

"Sasa mbona unanitundikia kufuli mlangoni?"

Masalu alifikiri. "Kwa sababu ya pua, si ya nyama. Pua ya nguruwe inapokea mafua ya nguruwe, na inapokea ya watu, na ya ndege pia. Wakikutana wawili mle ndani wanabadilishana nguo. Anatoka mmoja amevaa koti la huyu na suruali ya yule, na hakuna mwili unaomjua. Ndiyo maana tunafunga siku ishirini na moja, na ndiyo maana tunatafuta chanzo."

Gwantwa aliijua sheria. Banda lililoambukizwa lilifungwa tu. Lakini banda lililokuwa chanzo, ambamo huenda nguo zilibadilishwa, liliondolewa lote, kuanzia dume hadi kitoto cha jana. Chanzo kikiwa mtu, hakuna mnyama aliyekufa. Mafua ya watu yalikuwa tayari kwenye vitabu na chanjo yake ipo, hivyo mtu alikaa nyumbani kwake siku saba, basi.

Kibao cha kielektroniki cha Masalu kililia. Akakisoma, na uso wake ukapungua uchangamfu.

"Ulinunua watoto wa nguruwe hivi karibuni?"

"Sita. Kwa Tusekile, ng'ambo ya kijito. Wiki mbili zilizopita."

"Hesabu imetoka. Chanzo ni banda la Tusekile." Akamalizia kwa sauti ya chini. "Jumatano, saa tano asubuhi."

*

Siku ileile alasiri Gwantwa alisimama upande wake wa kijito, maana mwenye kufuli haruhusiwi kukanyaga kwa mwenzake, na Tusekile akasimama upande wake. Maji hayakuwa mapana. Walikuwa wakisuka nywele pamoja tangu watoto wao wa kwanza.

"Wamekuambia?" Gwantwa aliuliza.

"Wameniletea karatasi. Kuna muhuri mkubwa kama sahani." Tusekile alikuwa ameshika mikono kiunoni. "Wewe wamekuambia ni lini?"

"Siku ya katikati. Saa nne ikishapita."

"Jumatano saa tano! Watu wanakuja kuniulia nguruwe, na wewe bado unazunguka mbuyu na mkweo. Sema, mdomo hautapasuka!"

"Utapasuka."

Wakacheka, wote wawili, na mara Tusekile akaacha. Nyuma yake, juu ya ukuta wa banda, kilitokeza kichwa cha nguruwe jike mkubwa, masikio yameinama mbele, akikagua nani anapiga kelele. Huyo alikuwa Mwalimu Mkuu. Karibu nusu ya nguruwe wa bonde lile walikuwa wajukuu zake, na kibanda cha kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, cha akina mama wa kikundi kilisimama kwa uzazi wake.

"Hawajakohoa, Gwantwa," Tusekile alisema. "Sikio langu halijaniuliza neno tangu Krismasi. Nimewaambia. Wanasema pua ni safi kwa sababu wamekwisha kupona. Nikasema mbona damu inaonyesha chanjo, nikajibiwa damu ya aliyechanjwa na ya aliyepona zinafanana. Sasa nitawaonyesha nini? Nifufue kikohozi ambacho hakikuwepo?"

  Gwantwa alirudi nyumbani akiwa na sentensi moja kichwani: halijaniuliza neno tangu Krismasi.

*

Jumanne Masalu alipokuja kupima joto la nguruwe, Gwantwa alimwomba asikilize kumbukumbu za Sikio, zote, kuanzia Ijumaa. Masalu alisema ni haki yake. Wakakaa juu ya magunia ya pumba, kibao katikati yao.

Jumapili ilipofika, Gwantwa aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema "nne na moja". Chini yake kibao kiliandika: *Kizimba cha 4. Kizimba cha 1.*

Aliangalia maandishi yale muda mrefu. Kizimba cha nne na cha kwanza ndimo alimowaweka watoto wa Tusekile, watatu huku, watatu kule.

"Hapana," alisema. "Haikuanza humo."

"Ilianza wapi?"

Gwantwa alinyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma.

"Cha tano?"

Akainamisha macho.

"Mama, mbona ulisema nne na moja?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Nne, na moja juu yake."

"Kwa nini hukusema tano?"

"Kwa sababu hiyo si namba, Bwana Masalu. Ni mtu."

Masalu alifikiri. Alitazama mlango wa nyuma, akatazama ukuta wa matofali nje yake, moshi wa jiko la mzee ukipanda upande wa pili, na taratibu akaelewa. Hakucheka.

"Naweza kuandika barua," alisema, "lakini jibu lake litachukua wiki. Kumbukumbu hii hairekebishwi kwa kalamu. Kuna watu walikuwa wanahamishia magonjwa kwa majirani kwa kalamu, ndipo ikawekwa hivi. Inakubali sauti iliyoiweka, na neno lenyewe likiwa peke yake. Mimi siwezi kulisema kwa niaba yako. Mumeo hawezi."

Mumewe alikuwa Lubumbashi na lori, na hata angekuwepo, sauti iliyosajiliwa ni ya Gwantwa.

"Kuna na hii," Masalu aliongeza. Alirudisha kumbukumbu nyuma hadi Ijumaa alfajiri. Kibao kiliandika: *Kikohozi cha mtu, mara tatu. Kimepuuzwa.* Akakigusa.

Kilikuwa kikohozi kizito cha kifuani, kikianza kwa mkwaruzo kama msasa kwenye mbao, na mwishoni mtu akajisafisha koo kwa adabu. Gwantwa angekitambua katikati ya kanisa lililojaa.

Alijua pia kilifanya nini pale. Wiki kadhaa sasa alikuwa akikuta maganda ya ndizi mbivu ndani ya kizimba kile, yamepangwa pembeni vizuri kama anavyopanga mtu aliyezoea kusafisha karakana. Mzee alikuwa akimtembelea jike mwenye baka, aliyezaliwa dhaifu, saa ambayo mkwewe alikuwa akikamua ng'ombe. Gwantwa alikuwa akiyaondoa maganda na kunyamaza. Angemwambia nani? Sikio linapouliza wageni, linataka jina.

"Ukirekebisha kizimba," Masalu alisema, "Sikio litaona watoto wa Tusekile hawakuanza, litaunganisha na kikohozi hiki, na litauliza ni cha nani. Chanzo kitakuwa mtu. Tangazo la kata haliandiki majina."

"Kata hii haisomi matangazo. Inaangalia nani hayupo kanisani."

"Kweli." Masalu alisimama, akakung'uta pumba kwenye suruali. "Siwezi kukuambia useme, mama. Nguruwe wa Tusekile najua kuwapima. Hicho kingine sina mizani yake."

*

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba, Gwantwa aliweka chai ya tangawizi ukutani. Hakuondoka. Karibu na ukuta palikuwa na mbuzi amefungwa kwa kamba, na desturi, iliyokataza mambo mengi, haikuwahi kumkataza mtu kuongea na mbuzi.

"We mbuzi," alisema, kwa sauti ya kufika mbali kidogo, "unajua kesho wanakwenda kuwaua nguruwe wa Tusekile? Na hawana hatia. Ugonjwa ulianzia kwangu, kwenye kizimba cha mlango wa nyuma. Huenda uliletwa na mtu mwenye huruma aliyekuja na ndizi na hakujua ana mafua. Simlaumu. Ila mashine inataka niitaje namba ya kile kizimba, na wewe unajua mimi na hiyo namba."

Mbuzi alitafuna. Upande wa pili wa ukuta kigoda kililia kidogo. Kikohozi kilianza, kikazibwa haraka kwa kitambaa.

Gwantwa alingoja. Hakuna neno lililokuja, hata kwa mbuzi. Baadaye kikombe kilirudi ukutani kimeoshwa, na hilo lingeweza kumaanisha lolote.

Alipokuwa akiwagawia nguruwe maji alijiuliza anaogopa nini hasa. Hakuogopa laana, wala maneno ya kwaya. Aliogopa kwamba mara atakapolisema jina lile, fimbo haitagonga tena kwenye jiwe la kona. Watakutana njiani kama watu wowote, watasalimiana, na kile kitu walichokijenga kwa miaka kumi na tisa bila kutumia neno hata moja kitakuwa kimekwisha. Ng'ambo ya kijito, Mwalimu Mkuu aliguna akidai chakula. Gwantwa alimsikia, akaweka ndoo chini.

*

Jumatano kulinyesha manyunyu. Gari la wilaya, jeupe, lilikuwa limesimama barabarani kwa Tusekile tangu saa nne, na vijana wawili waliovaa nguo za plastiki walikuwa wakinywa chai wakisubiri muda. Gwantwa aliwaona kutoka mlangoni. Alimwita Masalu, aliyekuja tena kupima joto, aingie ndani, akafunga kilemba vizuri kama mtu anayekwenda kupokea meza ya Bwana, akasimama chini ya Sikio.

"Narekebisha kumbukumbu ya Jumapili," alisema. "Kikohozi cha kwanza."

"Kumbukumbu ya Jumapili," likasema Sikio. "Nne. Moja. Sahihisho ni nini? Kizimba gani?"

 Alifumba macho. Aliwaza kulinong'ona, kisha akaona kwamba kama jina la mtu litasemwa, lisemwe kwa heshima yake yote.

"Tano," alisema.

"Naam!" ikajibu sauti kutoka nje ya mlango wa nyuma.

Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ya mtu mzima aliyeitwa na anayeitika, kama alivyofunzwa utotoni, kabla hajapata muda wa kufikiri. Gwantwa alijifunika uso kwa khanga. Masalu alitazama sakafu.

"Sauti ya mtu," likasema Sikio. "Inalingana na kikohozi cha Ijumaa. Nani?"

Nje mtu alijisafisha koo kwa adabu. Kisha sauti ile ikasema, ikielekezwa kwa uangalifu mkubwa kwa jike mwenye baka.

"We nguruwe, waambie waandike. Tano Mwasomola. Na umwambie mwenye banda kwamba nimelisikia jina langu likisemwa na watu wengi, wengine wakinidai, wengine wakinisifu. Halijawahi kusemwa vizuri namna hii."

"Tano," likarudia Sikio. "Ni kizimba cha tano?"

"Kizimba mama yako!" mzee akafoka. "Mimi ni mtu!"

Masalu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na nyuma ya khanga Gwantwa alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kibao kilifikiri kwa muda mrefu kuliko Masalu mwenyewe. Kisha alama nyekundu iliyokuwa juu ya banda la Tusekile ikafutika. *Chanzo: mtu.* Barabarani vijana wa plastiki walisoma kitu kwenye simu zao, wakamwaga chai iliyobaki, wakapanda gari. Kutoka ng'ambo ya kijito ulisikika mlio ambao Gwantwa hakuweza kujua kama ni wa Tusekile au wa Mwalimu Mkuu.

*

Mzee alikaa ndani siku saba. Wazee wenzake wa kanisa walikuja kumsalimu dirishani, wakamtania kwamba amekuwa daktari wa nguruwe kinyume, anagawa ugonjwa badala ya dawa. Akawajibu kwamba wagonjwa wake wanapona haraka kuliko wa hospitali. Ilikuwa kweli. Hadi Jumapili iliyofuata banda zima lilikuwa likila kama kawaida, isipokuwa jike mwenye baka aliyekuwa akipiga chafya kidogo, labda kwa kupenda kuhudumiwa. Tusekile alileta chuma cha kukwangulia matope ya mabuti, zawadi, akakirusha kuvuka kijito na nusura kimpige Gwantwa kichwani.

Masalu aliandika barua yake hata hivyo. Aliandika kwa watengenezaji kwamba mashine yao inajua lugha lakini haijui nyumba, akaeleza jambo lenyewe hatua kwa hatua, kurasa tatu, bila kumlaumu mtu.

Siku ya kumi na tisa ya kufuli, Gwantwa aliingia bandani na ndoo ya pumba.

"Chafya moja," lilisema Sikio. "Nyepesi. Ya nguruwe. Kizimba gani?"

Gwantwa alisita. Neno lile sasa alilijua, na anga halikuanguka alipolisema. Alilionja kidogo mdomoni, akaliacha.

"Nne na moja," alisema.



"Nne na moja," likajibu Sikio, safari hii bila kuzitenganisha. "Nimesikia."

Nje, kwenye jiwe la kona, fimbo iligonga mara mbili. Gwantwa aliweka ndoo chini akasogea nyuma ya mlango, ili mzee, mwenye barakoa usoni na ndizi mbivu mkononi, apate kupita.